Jumamosi Waliyomzimia Kaseti Muziki

Nyumba ya lango la kijani,
Mtaa wa Mafundi Bati.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka Vumbi,

Pokea salamu za dada yako wa mwisho, yule mnayemwita kitinda mimba hata baada ya kuota mvi. Hujambo? Goti lako je? Uliposema baridi ya huko inaliingia kama msumari, nilinuia kukutumia ile dawa ya kuchua, kisha kazi zikanisonga. Wifi yangu hajambo? Na watoto? Natumaini yule mdogo ameacha kunyonya kidole, maana katika picha ya mwisho niliona kidole kimebaki nusu.

Sisi huku ni wazima, kama uzima ni kuamka na kula. Paa la chumba cha nyuma limezibwa, halivuji tena. Udobi wangu unaendelea. Pasi ya mkaa nimeipumzisha, sasa napiga kwa umeme, siku umeme ukipenda. Shangazi amevimba miguu. Ulimi haujavimba hata siku moja.

Usishangae kupata barua na simu ipo. Kwenye simu una tabia ya kunikatiza, na jambo hili sitaki likatizwe. Shangazi ameniambia nisiandike, eti mambo ya nyumbani hayapandishwi ndege. Mimi naandika.

Ni habari za kaka yetu mkubwa, Kaseti.

Unakumbuka ubishi wenu wa Jumapili asubuhi? Mimi nakunja nguo za watu, nyinyi mmekaa kizingitini, kila mmoja anamwona mwenzake mjinga. Yeye ana sanduku lake la bati alilolitengeneza mwenyewe, ndani kaseti zimepangwa kama meno. Wewe umerudi ukumbini suruali imeshika vumbi hadi magotini, ndiko ulikopatia jina. Alikuwa akikwambia: "Kaseti ina adabu. Ukiiambia nyamaza, inanyamaza. Ukiiambia rudia, inarudia, na haikuombi kinywaji." Nawe unamjibu: "Kaseti ni maiti aliyevalishwa vizuri. Mimi nataka muziki unaotoka jasho."

Alikuwa akikukumbusha kwamba huko ukumbini mwimbaji anasahau maneno, mpiga gitaa kalewa, na mbele yako limesimama jitu refu limekuziba. Wewe unasema hiyo ndiyo raha yenyewe, kwamba wimbo uliopigwa jukwaani leo hautapigwa tena vilevile hata dunia ipinduke. Mimi sikuwa upande wowote. Nilipenda redio, kwa sababu inaimba huku mikono yangu iko kwenye beseni.

Ulipoondoka, masikio yake nayo yalishaanza kuondoka, ila hakuna aliyejua. Miaka yote ile ya kugonga bati haikwenda bure. Kwanza zilipotea sauti nyembamba: birika likichemka, mtoto akilia nyumba ya pili. Kisha akaanza kugombana na kaseti. Akasema zimezeeka. Akasafisha kichwa cha redio kwa spiriti, akabadilisha mkanda, akatafuta redio nyingine, akafungua sauti hadi mwisho, na bado akalalamika kwamba waimbaji wamehamia chumba cha pili na kufunga mlango. Wifi wa hapa, mkewe, ndiye aliyemshika mkono akampeleka dirishani, akamwonyesha watu waliosimama barabarani wameziba masikio. Hapo akaelewa. Baadaye ikaja ile homa, na alipoinuka kitandani hata nyundo yake mwenyewe hakuisikia.

Hayo tulikueleza. Yaliyofuata hatukukueleza.

Alikaa kama mtu aliyefiwa. Kazi anafanya, masanduku yanatoka, makarai yanatoka, lakini jioni anachukua kaseti moja moja, anasoma majina, anazirudisha. Kuzungumza anazungumza, kwa sauti ya kupasua kuta maana hajisikii. Sisi tunamjibu kwa chaki juu ya kipande cha bati alichokipaka rangi nyeusi. Bati hilo analitembeza kwapani kama mwalimu.

Sasa, mimi ndiye ninayefua mashati ya ile bendi ya ukumbi wa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Siku moja mzigo ulikuwa mkubwa, nikamwomba Kaseti anisaidie kuubeba. Tulikuta bendi inafanya mazoezi. Akatua furushi juu ya spika moja kubwa, lile sanduku refu kama kabati, akaegemea kupumzika, kiganja kimelala juu ya mbao. Ghafla akaruka kama aliyeguswa na umeme. Akarudisha kiganja. Kisha akalaza kifua kizima.

"Dada!" akapiga kelele hadi bendi ikasimama. "Dada, linapumua!"

Bendi iliposimama, naye akasema, "Limekufa." Walipoanza tena, akacheka. Mpiga besi alikuwa mtu mzima mpole, mwenye kitambi. Alielewa kabla yetu sote. Akamwendea, akamshikisha mkono wa gitaa, akapiga nyuzi zile nene taratibu, moja baada ya nyingine. Kaka yako akalia machozi mbele ya wanaume asiowajua, nami nikajifanya nahesabu mashati.

Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi. Onyesho linaanza mchana jua likiwa bado kali, yeye ameshafika, shati limenyooka, amesimama kwenye spika ya kushoto. Kiganja kwanza, kisha kifua. Mwili ukishajaa, anasogea hatua mbili na kucheza. Na alikuwa anacheza, Kaka! Yule aliyekuwa akikucheka wewe na vumbi lako! Alijifunza kutofautisha nyimbo: huu unapanda kutoka miguuni, ule unagonga mbavuni. Alikuwa akisema kwenye kaseti hana pa kushika, lakini hapa anaona koo la mwimbaji likifanya kazi, anaona vidole, anaona mate ya mpiga tarumbeta.

Akaniambia, "Mwandikie Vumbi kwamba ameshinda. Mwambie kaseti ni plastiki tu." Nilimkubalia, nikawa nasogeza kesho na keshokutwa. Basi pokea: umeshinda.

Mwanzo watu walimpenda. Walimpisha, walimletea soda, walimpiga mabegani. Lakini unawajua watu. Kitu kizuri cha mwenzao wakikitazama sana kinaanza kuwawasha. Kinyozi wa pale kona akaanza: "Huyu si kiziwi. Kiziwi gani anacheza ndani ya mdundo?" Mwingine akasema ni kiziwi kweli, ila anaangalia miguu ya watu na kuiga. Wa tatu akasema anajifanya apate kuhurumiwa. Wanabishana hivyo meza nzima, mbele yake, kwa sauti, na yeye anawatabasamia kwa kuwa wao wanatabasamu.

Aliyeukata ubishi ni mtu wetu. Ni binamu, mtoto wa shangazi, yule fundi mitambo aliyepata kazi pale kwa sababu mimi nilimwombea kwa mwenye bendi. Yeye ndiye anayekaa na vile vifungo vya sauti. Jumamosi hiyo bendi ilipopumzika kidogo akachukua kipaza sauti. Kaseti alikuwa amesimama karibu naye kama ninavyokuwa mimi na beseni langu. Binamu akamwekea mkono begani kabisa, kisha akautangazia ukumbi:

"Ndugu zangu, leo tunamaliza ubishi. Wimbo unaofuata, katikati yake nitazima kila kitu. Bendi itaendelea kuchezesha mikono. Nanyi msisimame, chezeni vilevile. Kama anaiga miguu yetu, ataendelea. Kama anasikia kwa mwili kweli, atasimama. Na yeye akisimama, nyinyi msisimame!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kaseti naye akapiga makofi. Aliona watu wamefurahi, akadhani kimetangazwa kitu kizuri.

Nilikuwa meza ya nyuma. Nikainuka, nikasema acheni, mambo gani haya. Mke wa kinyozi akanivuta gauni: "Kaa, dada, ni mchezo tu, hata hatajua." Nikajichomoa. Lakini watu walikuwa wamesongamana kwenda mbele waone vizuri, na wimbo ukaanza.

Nataka ujue ulivyokuwa, kwa sababu wewe ni mpenzi wa ukumbini na hujawahi kuona kitu kama hiki. Muziki ulikuwa mtamu. Kaseti alikuwa katika siku zake bora, macho ameyafumba nusu. Binamu akateremsha mkono, sauti ikakatika kama uzi. Mpiga dramu akageuza vijiti akawa anapiga hewa. Mwimbaji akafungua mdomo bila kutoa kitu. Na watu wakacheza. Ulisikia viatu tu vikisuguana na sakafu, na kicheko kinachobanwa puani. Ukumbi mzima, Kaka, unacheza kimya.

Alisimama mara ile ile. Kwa hiyo ubishi uliisha, hakuwa mwongo. Wangewasha pale, pengine leo nisingekuwa na la kuandika. Hawakuwasha.

Akaangalia watu, akaona wanacheza. Akaangalia jukwaa, vidole vinatembea. Akaenda kwenye spika akaweka kiganja. Akakipangusa suruali, akakiweka tena. Akaweka mikono miwili. Akalaza kifua, shavu, paji la uso. Akaivuka sakafu akaenda spika ya kulia, watu wakimpisha kwa heshima huku wakicheza, akaikumbatia ile nayo. Kuna mwanamke alicheka hadi akakaa chini. Kisha Kaseti akamtafuta mkewe. Wifi alikuwa katikati, anacheza. Aliona mumewe anamwangalia, na aliendelea kucheza.

Nimemuuliza wifi baadaye. Anasema aliona aibu kusimama peke yake. Anasema pia alidhani mambo yangeisha upesi. Sijui lipi baya zaidi.

Mimi nilipomfikia alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni. Nikamshika mkono, nikatikisa kichwa, nikaonyesha mitambo, nikapunga mikono kama kichaa. Akanipapasa shavu tu, akatoka. Mlango ulipojifunga nyuma yetu, binamu akawasha. Niliusikia muziki ukiruka kwa nguvu na watu wakishangilia. Yeye alikuwa ameshakanyaga barabara.

Njia nzima alikuwa anajifinya mkono.

Nyumbani alipapasa meza, ukuta, mlango. Wifi aliporudi alimwomba ampige kiganja. Akampiga. Akasema, "Hiyo ni ngozi. Ngozi bado ipo. Ndani ndiko kumekufa." Akakaa kitandani na viatu. Wifi alikuwa na chaki mkononi. Hakuandika kitu.

Asubuhi nilikwenda mwenyewe, nikaandika kila kitu kwenye bati, pande zote mbili. Walizima muziki. Walikuwa wanakutania. Mwili wako ni mzima. Alisoma polepole, kisha akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyekuletea ua lililonyauka.

"Dada," akasema, "usinidanganye kwa kunihurumia. Watu wote wale? Ukumbi mzima? Nimewaona kwa macho yangu wanacheza. Mke wangu mwenyewe alikuwa anacheza." Akafuta bati kwa kiganja. "Watu hawana ubaya wa kiasi hicho."

Nikatafuta ushahidi, nao ulikuwepo, maana siku hizi hakuna uovu usiopigwa picha. Kuna mtu aliyerekodi video kwa simu, na binamu akaitupa kwenye kundi la ukoo. Nikamwekea mbele ya macho. Akaitazama mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Naona watu wanacheza. Muziki upo." Kaka, ndipo nilipong'amua: kwa kiziwi, video ile ni sawa na video yoyote. Ukimya haupigwi picha.

Na hapa nikuseme kidogo. Najua video hiyo ilikufikia huko, kwa sababu chini yake uliweka vile vikatuni vitatu vya kucheka. Pengine ulikuwa kazini, uliitazama bila kufungua sauti. Pengine uliona tu kaka yako anakumbatia spika, ukadhani ni raha. Sitaki kujua. Nakwambia tu kwamba niliviona.

Siku zikapita, anakwenda karakana anarudi. Jumamosi ikafika, akavaa nguo za kazi, akaenda kugonga bati lisilo na oda. Nikamwandikia: twende ukajaribu tena, mara moja tu. Akakataa. "Nife mara ya pili ili iweje?"

Mashati ya bendi yalikuwa kwangu. Niliyarudisha kama yalivyokuja, na jasho lake, na madoa yake. Mwenye bendi akauliza ni nini hiki. Nikamwambia ni mchezo tu, hata hamtajua.

Binamu alikuja nyumbani na kreti ya soda. Akasema ilikuwa utani, tena utani wa kumtetea, kwa kuwa sasa kila mtu anaamini kwamba Kaseti ni kiziwi wa kweli. Mzaha mzaha hutumbua usaha, nikamwambia, na wewe umetumbua moyo wa mtu. Shangazi akanigeukia mimi: "Unakuza mambo. Kiziwi ni kiziwi, amepungukiwa nini?" Kaseti mwenyewe alimpa binamu mkono, akamshukuru kwa soda. Alidhani amekuja kumpa pole ya ugonjwa.

Aliyekuja kwa haki alikuwa yule mpiga besi. Alikuja mchana, anasukuma mkokoteni, juu yake spika yake mwenyewe na gitaa. Hakuingia ndani. Aliniambia pale langoni, "Nilichezesha vidole kwenye nyuzi zisizolia. Kazi hii nimeifanya ujana wangu wote, sijawahi kuifanya chafu hivyo. Niruhusu nimpigie." Nikamvutia waya wa umeme kupitia dirishani.

Kaseti alikuwa ameketi uani anakunja ukingo wa karai. Alipoiona spika aligeuza uso. Mpiga besi akaikokota hadi pale alipoketi. Aliiweka nyuma ya kigoda chake, ikaugusa mgongo wake kabisa, akapiga mpigo mmoja.

Karai lilianguka.

Akapiga wa pili. Kaka yako akageuka, akaikumbatia spika kwa mikono na magoti, na mpiga besi akaanza ule wimbo wenyewe, ule uliokatwa, peke yake bila mwimbaji wala dramu. Niliona uso wa Kaseti ukifunguka. Alicheka kwa sauti ile yake ya kupasua kuta, majirani wakachungulia. "Lipo! Dada, lipo! Sijafa ndani!" Mimi nilikuwa nalia na kucheka, nikajiona nimeshinda. Nilikuwa mjinga.

Maana furaha ile ilikaa kitambo kidogo tu, kisha nikaona anafikiri. Mpiga besi alikuwa bado anapiga. Kicheko kilitoka usoni mwa Kaseti taratibu. Akainua kichwa.

"Kwa hiyo mwili ulikuwa mzima," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo siku ile muziki haukuwepo."

Nikaitikia.

"Na walikuwa wanajua? Waliambiwa?"

Mpiga besi akaacha kupiga. Sikujua nifanye nini na kichwa changu, Kaka. Nikaitikia.

Akaanza kuwataja mmoja mmoja. "Kinyozi alicheza?" Nikaitikia. "Mwenye duka anayenikopesha misumari?" Nikaitikia. "Yule kijana ninayegonga naye bati karakana moja?" Nikaitikia. "Binamu?" Nikachukua bati nikaandika: Ndiye aliyezima. Akalisoma, akanirudishia. "Na huyu?" akamwonyesha mpiga besi. Mzee wa watu akajibu mwenyewe. Aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha sahani. Hakumuuliza wifi kitu. Alimwangalia tu, kama siku ile, na wifi akaingia ndani.

Kisha akaniambia, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia kutoka kwake tangu masikio yamkatae: "Bora ungeniacha na mwili mbovu."

Akaokota karai. Mpiga besi akapakia vitu vyake, akasukuma mkokoteni wake. Nilitaka kumkimbilia Kaseti nimwambie nilifanya kwa wema, lakini wema wenyewe ulikuwa umeandikwa kwenye bati mkononi mwangu.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Ukumbini haendi. Kaseti nazo hazigusi. Amelisukuma sanduku lake uvunguni. Kwa mkewe amekuwa na adabu inayoumiza: anakula, anamshukuru, anamuaga, kama mgeni aliyepanga chumba. Wifi anakonda. Karakana anafanya kazi akiwa ameupa mgongo ukuta, ili aone kila mtu anayecheka. Juzi kijana wa karakana alicheka na simu yake tu, na kaka yako akaweka nyundo chini, akasubiri hadi kijana akaja kumwonyesha alichokuwa anakicheka.

Nimekuwa nikifikiri juu ya ule ubishi wenu. Wewe ulisema jukwaani muziki ni watu. Ni kweli, na ndicho kilichomuua mwenzako. Kaseti isingeweza kumfanyia vile. Kaseti haina mke wa kumtazama akicheza, haina binamu. Mkanda ukikatika, unajua umekatika. Lakini pia kaseti isingeweza kumsukumia mkokoteni hadi langoni. Kwa hiyo sijui. Narudi kwenye redio yangu.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Jana jioni alikuja kwangu, akaketi kizingitini mahali penu pale pale, mimi nakunja nguo. Kisha akauliza: "Vumbi angekuwepo, angecheza?"

Nikashika chaki. Niliandika herufi ya kwanza, nikaifuta, nikaandika nyingine. Mimi nakujua wewe: ukiwa ukumbini huwezi kusimama wenzako wakicheza. Nakujua pia ulivyompenda. Na vile vikatuni vitatu nilikuwa navyo mfukoni, ndani ya simu, na sikumwonyesha. Mwisho nikaandika: Muulize mwenyewe.

Akasema, "Basi mwandikie."

Kwa hiyo usinipigie mimi simu. Sauti yako kwake si kitu. Mwandikie yeye, kwa mkono wako, karatasi aishike. Usizunguke sana, wala usimwekee methali; ameshachoka na wanaompamba. Na kama jibu ni ndiyo, andika ndiyo. Nafikiri uongo ataujua. Siku hizi anatazama kila kitu mara mbili.

Nisalimie wifi yangu wa huko, umwambie lile gauni lilinikaa vizuri mabegani. Wabusu watoto. Shangazi anakusalimu, na anasema usiyaamini yote niliyoandika. Binamu anakusalimu sana. Wifi wa hapa anakusalimu, ila alitamka salamu hizo ameupa mgongo mlango. Mpiga besi hakujui, lakini alipita leo kuuliza habari za kaka yetu, basi mhesabu naye.

Kaseti nilimuuliza nikutumie salamu gani kutoka kwake. Alisema anasubiri kwanza jibu.

Mungu akulinde na baridi hiyo, alipe goti lako nguvu, na akupe moyo wa kushika kalamu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bado,

Kitinda Mimba